Kidani cha Shangazi

Katika kugawa mirathi, shamba na nyumba hazisumbui sana kama vitu vidogo ambavyo thamani yake imekaa katika maneno ya watu. Shangazi yangu, Allah amrehemu, alifariki Iringa akiwa mjane, akaacha mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, shamba la parachichi huko Rungwe, na kidani cha lulu cha safu tatu alichonunuliwa na mumewe. Ukoo mzima uliamini kuwa ni lulu za bahari. Binti mdogo alikuwa radhi kuacha fungu lake lote, yaani robo ya shamba, ili apewe kidani. Nduguze waliridhia, nami nikaitwa kuwa shahidi wa maandishi.

Niliomba kwanza kidani kifikishwe kwa sonara, Mbeya mjini. Mzee yule hakuhitaji mizani. Alisugua lulu mbili, moja kwa nyingine: za kweli hukwaruza kama mchanga laini, hizi ziliteleza. Akatuonyesha ukingo wa tundu, pale rangi ilipobanduka na kioo kikaonekana, na kwenye kifungo neno dogo, France.

Ufundi huo ni wa kale. Katika karne ya 17 fundi mmoja wa tasbihi mjini Paris, Jaquin, alichukua mng'ao wa magamba ya samaki mdogo wa mtoni, akaupaka ndani ya shanga za kioo zenye uwazi, kisha akazijaza nta. Lulu za kweli zilizamiwa Ghuba kwa pumzi moja, na katika karne ya 19 miongoni mwa wazamiaji walikuwemo watumwa waliotolewa pwani yetu hii. (Wangapi waliozivaa walilijua hilo?) Katika miaka ya 1920 Coco Chanel alizivaa za bandia hadharani, wala hakuficha. Kioo hakina kosa. Kosa ni kuuza kioo kwa jina la lulu. Marehemu mume wa shangazi simdhanii vibaya. Huenda naye aliuziwa hivyo.

Makubaliano ya awali yakafutwa. Shamba likagawanywa, mafungu mawili kwa kaka na moja moja kwa kila dada. Kidani kikathaminiwa kwa bei ya kioo na kuingizwa katika hesabu. Kwa siku mbili hakuna aliyekigusa. Siku ya tatu binti mdogo akasema kikatwe katika fungu lake, akakivaa hapo hapo.