Barua Tatu za Ndara



Juma hili twaomba ruhusa tuwasimulie safari fupi tuliyoifanya kwenda Ndara, karibu na mji wa Voi, katika nchi ya Taita. Haikuwa safari ya matembezi. Tulikwenda kupeleka barua tatu zilizopaswa kufika mapema zaidi, na waliozichelewesha si wengine ila ni sisi wenyewe.

Shangazi yetu, mzaliwa wa Mombasa, aliolewa na mtu wa Taita aliyefanya kazi mjini kwetu zaidi ya miaka 30. Mumewe alipostaafu, walihamia katika shamba la wazee wake, chini ya mlima wa Sagalla. Vyombo vilihama, mbuzi wakanunuliwa, nyumba ikaezekwa mabati mapya. Kitu kimoja tu hakikuhama, nacho ni sanduku la posta. Marehemu alilitumia sanduku lile tangu ujana wake. Namba yake ilikuwa imeandikwa katika kila karatasi ya maisha yake: kazini, benki, katika makaratasi ya shamba na ya shule za watoto. Kuibadilisha kote huko aliona ni kazi isiyokwisha. Siku ya kuondoka alitukabidhi ufunguo, akasema, "Wanangu, fungueni kila Ijumaa. Mkikuta chochote, nipelekeeni kwa basi." Tukaitikia inshaallah, na siku ile tulikuwa wakweli.

Kama mjuavyo, katika nchi yetu tarishi hapigi hodi mlangoni. Barua hulala katika sanduku lenye namba, na mwenyewe ndiye aendaye kuichukua. Mombasa ni 80100, Voi ni 80300. Tofauti ni tarakimu moja tu, lakini barua haijui kuivuka tarakimu hiyo. Aliyehama bila kusema, barua zake huendelea kwenda alikokuwa. Na hapo hapana budi awepo mtu wa kuzitoa huko na kuzipeleka aliko.

Mwaka wa kwanza tulifungua kila Ijumaa baada ya swala. Mwaka wa pili ikawa mara moja kwa mwezi. Kisha ufunguo ukaanza kupita mkono kwa mkono: huyu amesafiri, yule amejifungua, mwingine yumo katika mitihani. Mwisho ukatundikwa msumarini karibu na mlango wa jikoni, na kila mmoja wetu akaamini kwamba mwenzake anautumia. Tulijipa na udhuru pia: nani aandikaye barua zama hizi, ilhali kila mtu ana simu mkononi?

Mume wa shangazi akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulikwenda kuzika, tukarudi. Shangazi akabaki Ndara kukaa eda katika nyumba aliyoishi na mumewe. Hata eda ilipofika nusu, alitupigia simu kuuliza, kwa upole wake ule ule, kama hapana habari yoyote kutoka ofisi aliyoitumikia marehemu, maana waliahidi kumwandikia. Hapo ndipo mmoja wetu alipoinua macho kuutazama ule msumari.

Sandukuni tulikuta barua tatu. Ya kwanza ilitoka katika ofisi hiyo, ikimtaka mjane apeleke cheti cha kifo, hati ya ndoa na nakala ya kitambulisho katika muda wa siku 30, ili mafao ya marehemu yashughulikiwe. Ilikuwa imelala pale siku arubaini na zaidi. Ya pili ilikuwa ilani ya kulipia ada ya mwaka ya sanduku lenyewe. Ya tatu ilikuwa na stempu ya Oman, na anwani yake iliandikwa kwa mkono wa mtoto: "Kwa Babu."

Tungeweza kuzitia katika bahasha moja na kuzipeleka kwa basi, kama tulivyoagizwa tangu awali. Tuliona haya. Kesho yake tukaondoka, wanawake watatu na kijana wetu mmoja, mtoto wa kaka yake shangazi, atusindikize.

Tulipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini, ile isimamayo katika vituo vya njiani. Baada ya Mariakani minazi hukoma, na mahali pake hushikwa na miiba, mibuyu na udongo mwekundu. Hiyo ndiyo nyika ya Taru. Leo mtu huivuka akinywa chai. Wazee wetu waliivuka kwa miguu, pamoja na misafara iliyotoka Mombasa na Rabai kwenda Taveta na Uchagani, na maji yalikuwa ni ya kubebwa. Walipoiona milima ya Maungu, na mbele yake Ndara, walijua kwamba wamesalimika.

Ndara ni jina ambalo wasafiri wa karne ya 19 waliuita mlima wa Sagalla. Mwaka 1883 mmishonari wa Kiingereza, J. A. Wray, alifanya kituo chake huko juu, na mwaka huo huo msafiri Joseph Thomson alipita akielekea nchi ya Wamasai. Wakati huo reli haikuwapo wala posta. Aliyetaka kupata barua kutoka pwani alimtegemea binadamu mwenzake, aibebe kifuani siku kadhaa, apite Taru kwenye kiu na hatari. Kazi ya kujenga reli ilianza Mombasa mwaka 1896, na kufika mwaka 1898 ilikuwa imekwisha kuipita Voi, mafundi wako kwenye daraja la mto Tsavo. Tangu hapo barua zikapanda treni. Tulikaa dirishani tukiyawaza haya. Tarishi wa zamani alitembea siku kadhaa na barua ikafika. Sisi tuliopewa ufunguo tu, na posta iko njiani mwa sokoni, tulishindwa.

Voi tulifika kabla ya adhuhuri. Tulikodi gari dogo, tukaiacha barabara ya lami, tukaingia njia ya vumbi. Mlima wa Sagalla ulikuwa mbele yetu, kilele chake kimefunikwa na wingu jembamba, na chini yake mashamba makavu ya mahindi, kunde na mbaazi. Kando ya mashamba mengine tuliona mizinga ya nyuki imening'inizwa kwa waya, mmoja baada ya mwingine, kuzunguka shamba zima. Dereva alitueleza kwamba ni kinga ya tembo. Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, iko jirani, na tembo wakitoka humo huweza kumaliza shamba la mwaka mzima kwa usiku mmoja. Lakini tembo huwaogopa nyuki. Akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi alikotoka. Mwenye shamba hubaki na mahindi yake, na asali akauza.

Shangazi alikuwa ameketi barazani mwa nyumba yake, amevaa nguo zisizo na pambo, tasbihi mkononi. Tulimpa shikamoo, tukambusu mkono. "Marahaba wanangu. Mmechoka na jua. Ingieni mpate maji." Tulimpa mahamri na nazi tulizomchukulia, na tulipokwisha kunywa maji, mkubwa wetu akaziweka zile barua juu ya mkeka. Hakutafuta maneno ya kupamba. Alisema, "Shangazi, hizi zilikuwa Mombasa siku nyingi. Ufunguo ulikuwa kwetu, nasi hatukwenda. Twakuomba radhi."

Alinyamaza kitambo. Kisha akatuambia jambo ambalo hatukulijua: tangu mwezi wa kwanza wa eda alikuwa akichukua unga, mafuta na sukari kwa deni katika duka la jirani, akitaraji kulipa mafao yakija. Hakutaka kutuomba. Alidhani ofisi imemsahau, na usiku mwingine alidhani marehemu ndiye aliyesahau kuandika jina lake katika makaratasi. "Nimemdhania vibaya maiti wangu," alisema, "naye hana kosa." Ndugu wasomaji, katika maneno yote tuliyostahili kuambiwa siku ile, hayo ndiyo yaliyotuuma zaidi.

Ile barua ya Oman alitaka isomwe kwa sauti. Aliiandika mjukuu wake aliye Muscat, shuleni, na muhuri wake ulionyesha kwamba ilitiwa posta babu akali hai. Mtoto aliuliza kama tembo wamekuja tena, na kama yule mbuzi mweupe amezaa. Chini alichora mlima, na juu ya mlima nyuki wakubwa kuliko nyumba. Shangazi alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Andika," akamwambia kijana wetu. "Mwambie mbuzi amezaa mapacha. Mwambie babu yake hakuipata barua, lakini bibi ameisoma." Jibu likaandikwa pale pale mkekani.

Alipokwisha kutia sahihi makaratasi ya ofisi, tulimwuliza kuhusu ile ilani ya ada. Sisi tulikuwa tumekata shauri zamani, bila ya kumwuliza, kwamba eda ikiisha tutamrudisha Mombasa. Kwa hiyo tulisema tutalilipia sanduku, litamfaa akirudi nyumbani. Akatutazama kwa mshangao. "Nyumbani wapi? Mume wangu amezikwa hapa. Watu wa hapa ndio walionichotea maji siku ya msiba, na wengine si wa dini yetu. Msililipie. Eda ikiisha nitakwenda mwenyewe Voi nifungue langu. Toka leo niandikieni 80300."

Tuliporudi, ofisi iliyohusika ilitupokea kwa heshima na kuyachukua makaratasi. Lakini kwa kuwa muda ulikuwa umepita, faili litangoja kikao kingine, na huenda ikawa miezi mitatu. Deni la dukani tumelilipa sisi. Twaomba isihesabiwe kuwa ni sadaka.

Twapenda kuyasema haya kwa familia nyingine, kwa sababu nyumba nyingi za pwani zina sanduku la mzee mmoja linalotumiwa na ukoo mzima, ilhali watoto wako Nairobi, Dubai na Muscat. Anayehama na aandike orodha ya wote wanaomwandikia: kazini, benki, bima, ardhi, shule, mahakama. Kila mmoja apelekewe anwani mpya kwa maandishi, na nakala ihifadhiwe. Aulize dirishani mwa posta namna ya kuelekezewa barua zake huko aendako. Ada ya sanduku ilipwe kila mwaka kwa wakati. Siku hizi iko pia huduma ya kuifanya namba ya simu kuwa anwani ya posta, na mwenye barua huarifiwa kwa ujumbe. Na ikiwa ufunguo lazima uachwe, aachiwe mtu mmoja mwenye jina, wala usiachiwe "nyumba". Mke naye ajue namba ya sanduku na mahali ufunguo ulipo, mume angali hai. Kuuliza hayo si kumwombea mauti.

Anayeikuta barua ya mwenzake asiifungue bila ya ruhusa, ila asiilaze pia. Twakijua kisa cha Nabii Sulayman, amani iwe juu yake, katika Suratun-Naml. Alipompa hud-hud barua ya malkia wa Saba, hakumwagiza kuitupa tu na kurudi. Alimwagiza akae kando atazame watakavyojibu. Ndege yule aliutimiza ujumbe wote. Barua ni amana, na mwenye kuichukua huwa ameichukua mpaka mwisho wake.

Turejeapo, basi letu lilisimama Mackinnon Road, penye msikiti ulio kando ya reli, palipo na kaburi la Sayyid Baghali, aliyekuja kutoka Bara Hindi kufanya kazi ya ujenzi wa reli. Wasafiri wengi husimama hapo. Tuliswali Alasiri, tukamwombea marehemu wetu. Tulipotoka nje, kijana wetu alikuwa akitazama bahasha iliyo mkononi mwake: jibu la mjukuu wa Muscat. Shangazi alikuwa amemkabidhi yeye, kwa jina lake, mbele yetu sote. Aliitia posta jioni ile ile, kabla hajafika nyumbani.

Wabillahi tawfiq.