Chumba Kisichorudiwa

Nilianza kazi ya maabara miaka ya tisini, upande ule wa Barabara ya Mbagathi, Nairobi, ambako Hospitali ya Kenyatta na taasisi ya utafiti ya KEMRI ni majirani. Mchana tulikula Kenyatta Market: nyama choma, ugali na kachumbari, huku wasusi wakiita wateja kila kona. Nikisema kazi yangu ni ya DNA, nilijua swali litakalofuata: "Kumbe wewe ndiye unajua baba wa mtoto ni nani?"

Sikuwahi kumpimia mtu baba. Tulikuwa tukitafuta virusi vya UKIMWI kwenye damu ya watoto wachanga. Mtoto wa mama aliyeambukizwa huzaliwa na kingamwili za mamake, na zinaweza kudumu mwilini hadi miezi 18. Kipimo cha kingamwili basi kinaweza kumtangaza mgonjwa mtoto asiye na kirusi hata kimoja. Ilibidi tutafute DNA ya kirusi chenyewe, nayo ni haba mno kuonekana mpaka inakiliwe.

Unakili huo ndio PCR, mbinu aliyoibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ikampa Tuzo ya Nobel 1993. Msusi mmoja pale sokoni alipotaka kuelewa, nilimweleza kwa kazi yake: fumua msuko wa mapote mawili, kila pote ulisukie mwenzake mpya, sasa una misuko miwili, fumua tena, iwe minne. Ufumuaji wetu ulitaka nyuzijoto kama 95, na usukaji 72. Kimeng'enya kinachosuka kilitokana na bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, ndiyo maana hakikuharibika kwa joto lile. Baada ya mizunguko 30, kihesabu, kipande kimoja huwa zaidi ya bilioni.

Kisha tulivitenganisha vipande kwa jeli ya agarosi, itokanayo na mwani mwekundu. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo umeme ukipita hukimbilia upande chanya, vifupi vikitangulia. Stima ikipotea, unangoja tu. Mwishowe, chini ya miale ya urujuanimno, kistari kinang'aa mahali pake au hakipo.

Wageni walistaajabia mashine. Mimi nasema kazi ngumu ilikuwa milango. Chumba cha kutayarishia dawa, chumba cha damu, chumba cha jeli: ulikwenda mbele tu. Ukishaingia kwenye jeli, siku hiyo hurudi nyuma, na koti la huko halitoki huko. Ungeweza kutoka sokoni ukinuka moshi wa choma, ukanawa, ukavaa koti safi na kuingia chumba cha kwanza bila neno. Lakini mwenzako mtanashati aliyetoka chumba cha jeli alizuiwa mlangoni. Nakala bilioni zikishazalishwa, tone lisiloonekana likirukia kwenye damu ya mtoto mzima, mashine itanakili DNA iliyomo kwa uaminifu uleule, na mama ataambiwa uongo. Kwa hiyo kila mara tulipima pia kichupa cha maji matupu. Maji yakionyesha kistari, majibu yote ya siku hiyo tuliyatupa.

Bila vipimo vya namna hii, Profesa Ruth Nduati na wenzake wasingeweza kuonyesha, katika utafiti wao wa Nairobi uliochapishwa 2000, kwamba kufikia miaka miwili asilimia 36.7 ya watoto walionyonyeshwa na mama wenye virusi waliambukizwa, dhidi ya 20.5 ya waliopewa maziwa ya kopo. Siku hizi dawa za mama zimebadilisha hesabu hiyo, na akina mama wenye virusi wanashauriwa kunyonyesha.

Jeli nayo imestaafu kabla yangu. Mashine husoma nakala zikiwa zingali zinazaliwa. Matone ya damu ya kisigino hukaushwa kwenye kadi na kusafirishwa kutoka kliniki za mbali bila barafu. Kinachoharibu kazi sasa ni majibu yanayolala kliniki bila mwenyewe. Mama mwenye virusi, mpeleke mtoto akapimwe akiwa na wiki sita, kisha miezi sita, kisha mwaka. Na majibu uyafuate.