Mgeni na Jembe Lake

Katika mikutano ya vikundi vyetu tunasikia mara nyingi mazungumzo ya safari. Fulani amepata viza, fulani anatafuta karatasi, fulani yuko njiani. Tunasikia bei ya tikiti na tunaonyeshwa picha zilizotumwa baada ya kufika. Lakini ni nadra kumsikia mtu akieleza jinsi alivyoamka siku ya mia moja, akafungua dirisha, akaona udongo asioujua na ndege asiowajua, akajiuliza: nitaishije hapa? Leo tunapenda kuwashirikisha tulichojifunza juu ya swali hilo, nasi tulijifunza kwa kukosea.

Mdogo wetu wa tumbo moja anaishi na mke wake na watoto katika kijiji kidogo cha Ardennes, kusini-mashariki mwa Ubelgiji, nchi ya vilima, misitu na malisho ya ng'ombe. Alikuwa na mwaka wa tano huko alipotualika tukamtembelee miezi mitatu. Katika simu alisema anataka kuhamia Bruxelles, kwa maana pale kijijini hana mtu. Tulifunga safari kwa nia ya kumtia moyo. Kwa miaka mingi tumewaandaa walimu wa kesho, na somo tulilolipenda kuliko yote ni bustani ya shule. Tukawaza: tutamlimia bustani, naye atajisikia yuko nyumbani.

Tulibeba mbegu za lenga-lenga na za maharage yale yanayopanda juu ya miti, kutoka Kabare. Hazikupita uwanja wa ndege. Afisa alizitoa katika mzigo, akatueleza kwa upole kwamba mbegu na mimea kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haiingii bila cheti cha afya ya mimea. Matunda machache tu, kama ndizi, nanasi na nazi, hayadaiwi cheti hicho. Tuliona haya, tena tuliudhika. Mbegu za mama yetu zingewezaje kuwa na madhara? Wakati huo hatukukumbuka jinsi ugonjwa wa mnyauko ulivyomaliza migomba kwetu Kivu, ukitembea shamba hadi shamba kwa visu visivyosafishwa na kwa machipukizi ambayo watu walipeana kwa moyo mwema.

Tulifika katikati ya Aprili. Siku kumi mfululizo jua liliwaka. Kwetu mlimani mkulima huitazama mvua: hupanda Septemba mvua zinaporudi, na tena Februari. Huko Ardennes tuliona udongo una unyevu na jua lipo, basi tukanunua maharage dukani na kuamuru yapandwe. Mdogo wetu alisita. Alisema, "Kaka, watu wa hapa bado hawajapanda." Tulimjibu kwamba watu wa hapa wanalima kwa mashine na wameusahau udongo. Yeye ni mdogo. Alinyamaza, akashika jembe.

Jirani, mzee mjane aliyepita miaka themanini, alikuwa akitutazama kutoka upande wa pili wa ua wa miti. Alituonyesha vidole vitatu na kutaja majina matatu ya watakatifu, kwa Kifaransa cha kijijini kilichotupita haraka. Sisi katekista tulifurahi, tukidhani anatusimulia ibada za mahali pale. Tulimwinamia kwa heshima, tukaendelea kupanda.

Maharage yaliota vizuri. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei mbingu ilikuwa safi, bila wingu. Asubuhi tulikuta sakitu nyeupe juu ya nyasi, na majani yote ya maharage yamekuwa meusi na malegevu kama mboga iliyochemshwa. Ndipo tulipoelewa. Wale watatu ni Mamerto, Pankrasi na Servasi, ambao kwa kalenda ya zamani hukumbukwa tarehe 11, 12 na 13 Mei. Wakulima wa nchi hizo huwaita watakatifu wa barafu, kwa sababu baridi ya mwisho huweza kurudi ghafla siku hizo. Kabla hawajapita, mwenye busara hatoi nje nyanya wala maharage. Tena Servasi alikuwa askofu wa Tongeren, katika nchi hiyo hiyo ya Ubelgiji, karne ya nne. Mzee alikuwa ametupa somo zima kwa vidole vitatu.

Mdogo wetu alisimama pembeni ya tuta bila kusema neno. Kisha alisema, "Kaka, nilijua. Mwaka wa kwanza yaliniungulia vivyo hivyo. Lakini ningekuambiaje?"

Vijana wapendwa, neno hilo lilituuma kuliko kupotea kwa maharage. Tulikuwa tumekuja kumfariji mtu asiyesikilizwa, na mtu wa kwanza kutomsikiliza tulikuwa sisi.

Siku hiyo alitueleza mengine. Mwaka uliotangulia, mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota cha tope ndani ya banda lake, juu ya mahali anapoweka gari. Kinyesi kilidondoka juu ya kioo kila siku. Alikibomoa kiota kwa ufagio, makinda yakiwa ndani. Mzee aliona. Alimwambia tu kwamba ndege hao wanalindwa na sheria pamoja na viota vyao, akaingia nyumbani kwake. Tangu hapo salamu kati yao ilikatika. Mdogo wetu alikuwa na haya, lakini hakwenda kuomba radhi. "Wewe ndiye ulinilea," alisema. "Sikukuona hata siku moja ukimwambia mtu: nimekosa, nifundishe." Hatukupata jibu, kwa maana lilikuwa kweli.

Jioni tulikwenda wawili kwa mzee. Tulitangulia sisi, kwa kuwa kosa la maharage lilikuwa letu. Tulisema: tulidharau neno lako, mbegu zimekufa, tunaomba utuonyeshe. Kisha mdogo wetu alisema neno lake juu ya kiota, kwa sauti ndogo. Mzee hakutoa hotuba. Alituongoza nyuma ya nyumba, kwenye kibanda chake cha vioo, ambako miche ya maharage na maboga ilikuwa inangoja katika makopo. Alitupa kumi na miwili. Akamwuliza mdogo wetu kama ana ubao mpana wa kusaza. Kesho yake waliupigilia chini ya boriti ya banda, pale palipokuwa na kiota. Ndege akijenga tena, uchafu wake utaangukia ubaoni, na gari litabaki safi.

Walipokuwa wanapiga misumari, mzee aliuliza kama kwetu kuna ndege kama hao. Tulimwambia kwamba wanafika kwetu kundi kwa kundi wakati wa mvua, huku kwake kukiwa na baridi, wakatua kwenye nyaya na kuwinda wadudu juu ya mashamba, na kwamba ikifika Aprili hatuwaoni tena. Maisha yetu yote tulidhani ni ndege wetu wanaopotea kidogo. Mzee alicheka, akasema naye tangu utoto amewahesabu kuwa ni wa kijiji chake. Ndege huyo mdogo huvuka Sahara mara mbili kwa mwaka, tena hajengi kwa tope alilolibeba safarini. Hujenga kwa tope la mahali alipofika.

Kuanzia hapo mzee alikuwa mwalimu na sisi wanafunzi. Watoto walipoogopa mnyama wa miiba aliyekoroma gizani, alitufundisha kwamba ni kalunguyeye, ambaye hula makoa na wadudu wa bustani. Tusimfukuze, tusitie sumu ya makoa, na tukitaka kumpa kitu tumpe maji katika sahani, kamwe si maziwa, maana yanamharisha. Alitufundisha kukagua miguu ya watoto kila wanapotoka kwenye nyasi ndefu, kwa kuwa kupe wa misitu ile huweza kuleta ugonjwa unaoanza kwa duara jekundu juu ya ngozi, na duara hilo likitokea mtu aende kwa daktari bila kukawia. Alitufundisha pia kwamba udongo wa vilima vile ni mchungu kidogo, nao unavipenda viazi. Mwezi wa Juni, kwetu giza linapoingia saa kumi na mbili, huko jua lilitua karibu saa nne usiku, na mara nyingi lilitukuta sote bustanini.

Mwisho wa Mei shemeji yetu alipata mbegu za lenga-lenga huko Bruxelles, katika mtaa wa Matonge. Zilipoota, mzee alizitazama, akatikisa kichwa: maisha yake yote ameng'oa ndugu wa mmea huo kama magugu. Tulikwisha kurudi Kabare zilipoiva. Shemeji alituandikia kwamba walimpelekea sahani pamoja na bugali, akala nusu, akaomba mbegu chache za mwaka ujao. Mbayuwayu hawakurudi bandani majira yale. Ubao bado upo. Mdogo wetu hajasema tena neno la kuhama.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulilichukua jembe tangu siku ya kwanza, lakini hatukumwuliza mwenyeji alime lini. Tunawaambieni ninyi mnaotaka kwenda mbali, na tunawaambieni vilevile ninyi mnaobaki, kwa maana hapa parokiani kwetu wapo waliokimbia vita kutoka vijiji vingine, ambao hawaijui mifereji yetu, nyoka wetu wala majira yetu. Huenda mmoja wao amekwisha kupanda vibaya, akaona haya kuuliza. Msimwache kimya juu ya ua.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Ni nani, mdogo kuliko sisi, ambaye ananyamaza mbele yetu ingawa anajua?

2. Ni kiota gani tulichobomoa, na ni jirani gani hatujamwendea bado?

3. Ni familia gani ya wageni katika shirika letu tunayoweza kuigawia mbegu na ushauri kabla ya mvua za Septemba?