Toulouse, Petersburg na namba 4294967297

Toulouse ni mji wa matofali, na jua likikaribia kuzama kuta zake huwa za waridi. Ndani ya jumba la Capitole, Pierre de Fermat ana sanamu ya marumaru. Kazi yake ilikuwa uhakimu. Hesabu alizifanya akishatoka mahakamani, kisha akawaandikia wenzake. Mwaka 1640 aliandika juu ya mfuatano mmoja. Chukua 2, ongeza 1: 3. Zidisha 2 kwa yenyewe upate 4, ongeza 1: 5. Zidisha 4 kwa yenyewe upate 16, ongeza 1: 17. Ukishika mwendo huo zinakuja 257, 65537, halafu 4294967297. Fermat aliamini zote ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Uthibitisho kamili hakuwa nao, na alisema hivyo.

St. Petersburg haina hata chembe ya uwaridi huo. Mto Neva ni mpana, upepo unakata, na Kunstkamera, ilikokuwa Akademia ya Sayansi, imesimama ukingoni na mnara wake. Leonhard Euler, kijana wa Basel, alifika hapa mwaka 1727. Miaka miwili baadaye mwanahisabati mwenzake, Christian Goldbach, alimwandikia kutoka Moscow: je, unalijua dai la Fermat? Euler hakuonyesha hamu; Goldbach akarudia. Kwangu mimi sifa ya hadithi hii inamwangukia pia huyo msumbufu. Kufikia 1732 jibu lilikuwa tayari: 4294967297 ni 641 mara 6700417.

Baadaye Euler alieleza njia. Kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Basi huna haja ya kujaribu 3, wala 7, wala 11. Tasa za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano! Nilikaa kwenye benchi kando ya Neva nikayafanya kwa kalamu. Ni ugawaji mrefu tu, wa darasa la saba. Na kanuni inayozaa kichujio hicho ni ya Fermat mwenyewe, ya mwaka uleule wa 1640. Hakimu alikuwa na ushahidi mezani, akatoa hukumu bila kuufungua.

Braunschweig, Ujerumani, alikozaliwa mwanahisabati Carl Friedrich Gauss, nilipita tu. Kwenye kitako cha sanamu yake kuna nyota ya ncha 17, ndogo kiasi cha kukupita. Mwaka 1796 Gauss aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa huchoreka kwa rula na bikari peke yake, kwa kuwa 17 ni tasa ya mfuatano wa Fermat. Pande 257 huchoreka, na 65537 pia. Pande 4294967297 hazichoreki, na baada ya 65537 hakuna tasa nyingine iliyowahi kupatikana katika mfuatano huo.