Mwali Mwenye Kisukari

Sisi tunaouguza Masasi na huku juu Newala tunajua jinsi likizo ya shule inavyosubiriwa kwa ajili ya jando na unyago. Lakini kijana mwenye kisukari aina ya kwanza haachi sindano hata akiwekwa ndani. Kongosho lake halitengenezi tena insulini, na akiikosa siku chache tu anaweza kufa. Kabla ya insulini kuanza kutumika Toronto, Kanada, mwaka 1922, watoto kama hao hawakuishi muda mrefu.

Ndiyo maana hatumfundishi kijana peke yake. Tunamwita mama, bibi na kungwi. Bibi mmoja alituuliza, "Mwali achomwe sindano mbele ya wenzake?" Tukamjibu: achomwe faraghani, lakini achomwe. Siri ya unyago haivunjwi na sindano.

Tunafundisha kwa vitu vya nyumbani. Ugali wa muhogo upimwe, usirundikwe; mbaazi na kisamvu viwepo; mabibo yasiliwe ovyo. Insulini ikae katika kikopo kilichofungwa vizuri, ndani ya chungu cha maji, kivulini. Mwali akitetemeka na kutokwa jasho, apewe maji ya sukari papo hapo, hata kama ni saa ya kutokula. Mizizi haishiki nafasi ya sindano.

Mama, usimfiche mwanao kwa kuogopa kukosa posa. Mweleze kungwi au ngariba mapema, kisha njooni wote kliniki tupange kipimo cha dawa kabla ngoma haijalia.