Moja Nukta Nane

Mgongoni mwa prosesa yetu pamechongwa 1.80GHZ/1M/800/06. Ukiifuta ile dawa ya joto kwa kitambaa, maandishi yanatokea safi, kana kwamba yamechongwa jana. Jina lake ni E2160, na aina hiyo ilitoka kiwandani mwaka 2007. Hata wakati huo ilikuwa prosesa ya mtu asiye na fedha. Kaka zake waliitwa Core 2 Duo, wao ndio waliotangazwa magazetini, na yeye akapelekwa kwenye makasha ya ofisini, akapige chapa barua za watu miaka na miaka, mpaka ofisi za Ulaya zilipomchoka na kumtupia meli.

Ndivyo alivyotufikia sisi. Mtumba, kama suruali.

Sasa hebu tuelewane jambo moja kabla sijaendelea, maana wako wanaodhani kupandisha kasi ya prosesa, wenyewe huita ovakloki, ni uchawi au ni wizi. Kasi ya prosesa ni hesabu ya darasa la tatu. Ubao mama, yaani mazabodi, una saa inayopiga. Kwa huyu wetu inapiga 200. Prosesa nayo ina kizidisho chake, ambacho ni 9. Tisa mara mia mbili ni 1,800, basi, ndiyo hiyo moja nukta nane. Kizidisho kiwanda kimekifunga, hukipandishi. Lakini saa haimo ndani ya prosesa, imo kwenye ubao. Ukiishawishi ipige 266, tisa mara hiyo inakuwa karibu 2,400. Theluthi nzima ya kasi, bure.

Kwa nini kiwanda kiache mali bure? Swali hilo lilinisumbua kuliko gemu lenyewe. Jibu ni kwamba prosesa hizi hazitengenezwi moja moja kwa daraja zake. Zinakatwa kutoka sahani za silikoni, halafu zinapimwa, na kila moja inapewa lebo. Iliyo dhaifu inapewa lebo ndogo, sawa. Lakini siku wateja wa bei rahisi wakiwa wengi kuliko prosesa dhaifu, hata nzima inabandikwa lebo ya dhaifu na kuuzwa rahisi. Kwa hiyo yale maandishi ya mgongoni ni ahadi tu: chini ya hapa haitashuka. Hayasemi inaishia wapi.

Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha mwaka 1998. Agosti mwaka huo Intel walitoa Celeron 300A, megahezi 300, kwa dola 149. Mwezi huo huo wakatoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Vijana wa Marekani na Asia wakagundua kwamba saa ya Celeron ikitolewa 66 ikapelekwa 100, na kizidisho chake ni nne na nusu, basi inakuwa 450 ileile. Na nyingi zilikubali bila kinyongo! Tena kumbukumbu yake ndogo ya ndani, kilobaiti 128, ilikimbia kwa kasi kamili ya prosesa, wakati ile ya Pentium II, ingawa ilikuwa 512, ilikwenda nusu kasi. Kwenye magemu maskini akawa anatembea bega kwa bega na tajiri. Wakati huo sisi huku hatukuwa hata na kompyuta ya kuharibu.

Anayetoka Singida kwenda Babati anapita Katesh, na Jorodom iko hapo hapo, chini ya mlima Hanang. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikapita katikati yetu. Waliokufa walizidi 80. Kompyuta yetu ya kwanza ilikwenda siku ile, na ni katika vitu vidogo kabisa vilivyokwenda, sitaililia hapa. Ninaitaja kwa sababu hii ya sasa ndiyo iliyonunuliwa kuziba pengo lake, kwa fedha za vikoba vya Mama. Asubuhi inapiga chapa barua za maombi ya kazi, inachapa mitihani ya shule, inatengeneza kadi za michango. Jioni ni ya mdogo wangu na wenzake, nusu saa kwa malipo. Mchezaji mwenzake mkubwa ni jamaa mmoja ambaye familia yao ilihamia Waret baada ya tope. Kila Jumamosi anakuja. Wakikaa wawili mbele ya kioo kile huwasikii wakisema neno la Desemba. Wanatukanana kuhusu gemu tu. Nadhani nimeeleweka.

Tatizo lilikuwa GTA IV. Gemu hilo lilipotoka kwa kompyuta mwaka 2008, wenyewe waliandika kwamba kiwango cha chini kabisa ni Core 2 Duo ya 1.8. Yetu ina 1.8 lakini si Core 2 Duo kamili, kumbukumbu yake ya ndani imepunguzwa ikabaki megabaiti 1. Tulikuwa tumeshaweka kadi ya picha, GT 430 ya mtumba, tukidhani dawa ni hiyo. Wapi! Ukiendesha gari mjini, picha zinakuja 18, 19 kwa sekunde. Gari linafika kwenye kona, wewe hujafika. Na ukipunguza ukubwa wa picha hakuna kinachobadilika, jambo ambalo kwa anayejua ni ushahidi: kadi haina kosa, prosesa ndiyo imezidiwa.

"Dada, tuipandishe," dogo akaanza. Asubuhi tuipandishe, usiku tuipandishe.

Kwenye kompyuta za kujiundia unaingia BIOS, unabadili namba, umemaliza. Kasha la ofisi halina mlango huo, limefungwa makusudi, maana mwenye ofisi hataki karani wake acheze na saa. Lakini ipo njia ya uchochoroni. Tumboni mwa prosesa kuna vituo vidogo vya shaba mia saba na sabini na kitu, na vitatu kati yake kazi yake ni kuuambia ubao: mimi ni wa 200, au mimi ni wa 266. Ukikiunganisha kimoja maalumu na jirani yake wa ardhini, prosesa inasema uongo. Inajitambulisha kuwa ya 266, na ubao unaamini, unapanga kila kitu sawasawa, hata ramu inabaki kwenye kasi yake halali. Nilichopenda ni hicho. Hakuna kitu kinachovunjwa. Ni kitambulisho tu kinachobadilishwa.

Hatari iko penginepo. Prosesa za aina hii hazina miguu. Miguu iko kwenye soketi ya ubao, vijiti vyembamba kama nywele, vimelala kwa mstari. Ukikipinda kimoja ubao umekufa, na ubao ukifa Mama hana kazi Jumatatu. Fundi mmoja wa Katesh nilimweleza akacheka, akasema, "Mdogo wangu, mimi sigusi, lakini ukimaliza uje unihadithie."

Mama nilimwambia yote bila kuficha. Alikuwa anachambua maharage. Akauliza, "Ikifa?" Nikasema nitakwenda kufanya kazi mpaka inunuliwe nyingine. Akachambua kidogo. "Na isipokufa inapata nini?" Nikamwambia wale vijana hawatahamia kibanda cha stendi. Akasema, "Basi fanya Jumamosi usiku, Jumapili hakuna kazi."

Tulitumia kipande cha karatasi ya fedha kidogo kuliko punje ya mtama, na gundi ya karatasi juu yake ili kisitembee. Dogo alishika tochi ya simu. Mkono wake ulitetemeka, wangu haukutetemeka, hilo naliandika kwa majivuno. Tukafunga, tukapaka dawa mpya ya joto, tukapuliza feni. Vumbi lililotoka lilikuwa jeupe, chumvichumvi, lile linalokuja na upepo kutoka upande wa ziwa Balangida. Tukawasha. Kimya cha sekunde nne. Halafu kioo kikaandika 2.40.

Kuwaka si kupona. Kuna programu iitwayo Prime95, iliyoandikwa mwaka 1996 kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, zile za Mersenne. Wapandishaji kasi dunia nzima wanaitumia kwa mateso: inaipa prosesa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, na ikikosea hata moja tu, inasimama na kukuambia. Tuliiacha usiku kucha. Saa nane nikaamka kwenda kuangalia joto, nyuzi 61. Mwezi Julai Jorodom ni baridi ya kuvaa makoti mawili, na baridi hiyo ni msaada, ingawa si bure: huku tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na feni inayozunguka hapa inasukuma hewa kidogo kuliko ingezunguka Tanga. Volti hatukuigusa. Joto hukua kwa kasi, lakini kwa volti hukua mara mbili mbili yake, na wanaounguza prosesa wengi huunguza kwa volti.

Asubuhi hapakuwa na kosa hata moja.

GTA IV sasa inakuja picha 24, 25. Si maajabu, ni theluthi tuliyoahidiwa na hesabu, lakini gari linafika kwenye kona pamoja nawe. Mpira, yaani PES 2013, haukubadilika hata kidogo, maana ule haukuwa umekwama kwenye prosesa; atakayekuambia kupandisha kasi kunaponya kila gemu anakuuzia kitu. Yule wa Waret alipokuja alicheza dakika tano kimya, kisha akauliza, "Mmenunua mpya?" Dogo akamwambia hapana, ni ileile. Akabisha mpaka tukamfungulia mali ya kompyuta. Pale, kwa maandishi ya mashine yenyewe, mstari mmoja unasema E2160 @ 1.80GHz na mwisho wa mstari huohuo unasema 2.40GHz. Aliusoma mara mbili.

Mama yeye aliangalia luku. Nilimpigia hesabu: wati 20 zaidi, saa tano kila jioni, ni uniti moja kwa siku kumi. Akafikiri, akachukua kalamu, akaenda kwenye lile boksi la kadibodi lililobandikwa mlangoni, akaikata bei ya zamani ya nusu saa na kuandika mpya juu yake, shilingi hamsini zaidi.