Wasichana Nao Wapewe Saa Njema ya Kucheza

Ndugu msomaji, nina watoto wawili katika sekondari hapa Kigoma, binti na kijana, na wote wawili wacheza mpira wa kikapu. Shule yao sitaitaja, maana jambo hili si la shule moja. Nataka tulifikiri pamoja, wewe na mimi.

Siku ya mashindano wasichana hupangiwa saa 8 mchana na wavulana saa 10. Ndivyo ilivyo mwaka hata mwaka. Binti yangu hutolewa darasani kabla ya kipindi cha mwisho. Kaka yake humaliza masomo, akala, akapumzika, ndipo aende uwanjani. Na mchezo wa wasichana ukichelewa kuanza, hufupizwa, ili wavulana wasikose saa yao.

Pengine utasema, “Saa mbili tu, zina tofauti gani?” Tofauti ipo, na huku kwetu ni kubwa kuliko pwani. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini sisi tu mbali upande wa magharibi, na jua hutufikia utosini karibu na saa 7. Basi aingiaye uwanjani saa 8 acheza katika jua kali hasa, juu ya saruji iliyokwisha kupata moto. Saa 10 jua limekwisha kuinama, na vivuli vimeanza kurefuka.

Tena fikiri juu ya watazamaji. Mimi, kama watumishi wengine wa serikali, hutoka kazini saa 9:30. Kijana wangu nimemwona akicheza mara nyingi. Mchezo wa binti yangu husimuliwa tu, jioni, tukila ugali na dagaa. Yeye hufunga vikapu mbele ya viti vitupu.

Wazazi wenzangu wa Ujiji na Mwandiga huniambia, “Wasichana watangulie, ili wafike nyumbani kabla ya giza.” Neno hilo ni la haki, wala silidharau. Lakini tuhesabu. Kwetu jua huzama karibu na saa 1, kama dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam. Mchezo wa kwanza ukianza saa 9, na wa pili saa 10:30, wote wawili utakuwa umekwisha saa 12, kungali mchana. Na anayeishi mbali asitembee peke yake, awe msichana au mvulana. Je, tunaogopa giza, au ni sufuria inayomngoja binti jikoni?

Mchezo huu haukuumbwa kwa wavulana peke yao. Ulianzishwa Marekani mwaka 1891, na mwaka uliofuata wanafunzi wa kike wa chuo cha Smith walikuwa wakiucheza. Hata hivyo, huko nako wasichana walipewa nyakati za makombo. Sheria ya mwaka 1972 ilikataza ubaguzi wa wanawake na wanaume katika shule zipatazo fedha za serikali, na kanuni zake zataja hata ratiba ya michezo na ya mazoezi. Katika jimbo la Michigan wazazi walikwenda mahakamani mwaka 1998, kwa sababu wasichana walikuwa wakicheza kikapu nje ya majira yake ya kawaida. Mahakama ilikubaliana nao mwaka 2001, na majira yalibadilishwa mwaka 2007.

Sisi hatuna haja ya kungoja miaka tisa, wala kwenda mahakamani. Juma hili wasichana watangulie, juma lijalo wavulana. Jambo hili halitaki fedha wala uwanja mpya, ila kalamu ya mwalimu. Wavulana nao watafaidika, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kijana aliyezoea kwamba saa njema ni yake siku zote, ataipeleka desturi hiyo nyumbani kwake akioa.

Basi, ndugu msomaji, katika mkutano ujao wa wazazi simama umwulize mwalimu wa michezo kwa heshima: mara ya mwisho nani walitangulia, na safari hii ni zamu ya nani?